BARAZA LA BABA NA MAMA: “Je, Mimi ni Mgonjwa?”

Twajua kwamba katika nyumba nyingi mtoto wa shule ndiye anayewasomea wazee gazeti hili. Leo mpeni kazi nyingine, akateke maji au akawaswage mbuzi, maana maneno ya leo ni ya baba na mama peke yao. Si maneno ya aibu. Ni maneno ya chumbani, na ya chumbani yana mahali pake.

Imetufikia barua kutoka Magomeni, pale Mtwara, karatasi mbili za daftari zilizoandikwa pande zote. Mwenye kuiandika ni mama wa watoto wanne, ameolewa kwa ndoa ya kanisani yapata miaka kumi na moja. Jina lake hatulitaji, na mambo mengine tumeyageuza kidogo asipate kujulikana. Shida yake ni hii. Mumewe ni mtu mwema, hapigi, halewi, huleta chakula nyumbani. Lakini tangu waoane mama huyu hajapata hata mara moja ile raha ya mwisho ambayo mumewe huipata katika tendo la ndoa. Miaka mingi alijifanya anaipata, kwa kuwa somo wake alimfundisha kwamba mume asipoona mke amefurahi atatafuta furaha nje. Mwaka huu alichoka kujifanya, akamwambia mumewe kweli. Afadhali angenyamaza, asema mwenyewe. Mume aliudhika sana, akaenda kuwasimulia wenzake barazani, nao wakampa shauri baya: kwamba mwanamke mwenye afya hutosheka pale mumewe anapotosheka, na asiyetosheka ama amerogwa, ama ana bwana mwingine. Sasa mume analala sebuleni. Amesema korosho zikishauzwa atapeleka neno kwa wajomba wa mke.

Wasomaji wa mbali wafahamu kwamba kwa Wamakonde na Wamakua wa pande hizo ukoo hufuata mama, na mjomba ndiye mwenye neno katika ndoa ya mpwa wake. Shauri likifika kwa wajomba si jambo dogo. Ndoa nyingi zimeishia kwenye mkeka huo.

Basi mama atuuliza: Je, mimi ni mgonjwa? Na kama si mgonjwa, ni dhambi kuitaka raha hiyo? Tena ana swali la tatu, nitalitaja mwishoni.

Mama wa Magomeni, kwa hayo uliyoyaeleza wewe si mgonjwa. Wala hukurogwa. Wenzake mumeo pale barazani wamesema jambo wasilolijua, na nitakueleza jinsi tunavyojua kwamba hawalijui. Lakini usiwacheke, kwa sababu mabwana wakubwa wa elimu huko Ulaya walilikosea jambo hili hili, tena kwa miaka mingi, wakaliandika vitabuni.

Mwaka 1905 daktari mmoja mashuhuri wa Vienna, Sigmund Freud, aliandika kwamba msichana huanza kusikia raha katika kile kiungo kidogo cha nje, yaani kinembe, lakini akiwa mwanamke mkomavu sharti raha hiyo ihamie ndani, ukeni. Asiyehamisha raha yake alihesabiwa kuwa bado mtoto wa akili. Fikirini wanawake wangapi wa Ulaya na Marekani waliambiwa na waganga wao kwamba wana kasoro! Walilipa fedha kutibiwa ugonjwa usiokuwapo. Bwana yule alikuwa mtu wa akili nyingi, lakini hapo hakuwa amepima kitu. Aliwaza tu, na watu wakamwamini.

Mtu aliyeuliza kwa wingi alikuwa Alfred Kinsey wa Marekani. Mwaka 1953 alichapisha majibu ya wanawake karibu 6,000. Ndipo ikaonekana kwamba wale walioitwa wenye kasoro ni wengi mno. Baada yake wakaja William Masters na Virginia Johnson, katika mji wa St. Louis. Hawa hawakuridhika na kuuliza. Walipima mapigo ya moyo, pumzi, damu na misuli wakati tendo lenyewe likitendeka, kwa wanawake 382 na wanaume 312 waliokubali wenyewe, wakatoa kitabu mwaka 1966. Njia yao iliwachukiza watu wengi, na mimi siisifu. Mambo ya ndoa kufanywa mbele ya mashine ni jambo la kusikitisha. Lakini walichokipata ni kweli, na wengine waliopima baada yao wamekiona vile vile.

Waliona nini? Kwanza damu hukusanyika katika viungo vya mke, navyo huvimba kidogo, kama vinavyofanya vya mume. Kuta za uke hutoa unyevu, mfano wa jasho. Sehemu ya ndani ya uke hupanuka, na mji wa mimba huinuka juu. Moyo waenda mbio. Mambo hayo hupanda taratibu, na yakikatizwa hushuka tena, hata kama mke alikuwa karibu kabisa. Yakifika kilele, misuli ya chini ya nyonga hujikaza na kulegea yenyewe, kwa mfuatano, mara moja kwa muda usiotimia sekunde moja, mara tatu au tano, pengine hata zaidi ya kumi. Kisha damu hurudi polepole na mwili wote hulegea. Nao waliona kwamba kilele cha mke ni kimoja tu, namna moja, kiwe kimeanzia nje au ndani. Habari ya raha ya kitoto na raha ya kikubwa ikaishia hapo.

Sasa nieleze kwa nini mume hufika upesi na mke pengine asifike kabisa. Hapa ndipo penye kiini cha barua.

Mtoto akiwa katika majuma ya kwanza tumboni, viungo vya nje vya kiume na vya kike havitofautiani. Kuna kichipukizi kimoja. Kwa mtoto wa kiume kichipukizi hicho hukua kikawa uume. Kwa mtoto wa kike hicho hicho huwa kinembe. Vyatoka shina moja, navyo vina mishipa ya fahamu ya namna moja. Mwaka 2022 madaktari wa Oregon, Marekani, waliihesabu mishipa hiyo kwa darubini, wakaona kinembe kina nyuzi za fahamu zaidi ya 10,000 katika mahali padogo kama punje ya mahindi. Kuta za uke, kinyume chake, hasa za kule ndani, hazina fahamu nyingi hivyo. Na ni rehema kwamba iko hivyo, maana ndiyo njia anayopita mtoto.

Tena kile kinachoonekana nje ni ncha tu. Mwaka 1844 Mjerumani mmoja, Georg Kobelt, alichora kiungo kizima, lakini vitabu vya shule za udaktari vikasahau. Ikabidi mwanamke mmoja, Helen O'Connell, daktari wa upasuaji huko Melbourne, Australia, achunguze upya miili ya wanawake 10 waliofariki, na mwaka 1998 akaonyesha kwamba kinembe kina miguu miwili na mafundo mawili ya nyama laini, vimejificha ndani, vimeuzunguka uke na njia ya mkojo pande zote mbili, urefu wake hata kama kidole. Mwaka 1998! Watu walikuwa wameshatembea mwezini miaka 29 nyuma, na ramani ya mwili wa mke ilikuwa bado haijakamilika katika vitabu vya waganga.

Sasa wewe baba wa nyumba, jiulize neno moja. Kama tendo la ndoa lingetendeka tangu mwanzo hata mwisho bila kiungo chako kuguswa ila kwa mbali, je, ungefika? Basi ndivyo ilivyo kwa mkeo. Tendo lenyewe peke yake humgusa mume mahali penye fahamu nyingi kuliko pote, na mke humgusa pembeni tu. Katika hesabu zilizokusanywa Ulaya na Marekani, na kupitiwa pamoja mwaka 2005 na mwanamke mtaalamu aitwaye Elisabeth Lloyd, ni karibu robo tu ya wanawake wanaofika kilele daima kwa tendo hilo peke yake. Waliobaki hufika mara moja moja, au hufika wakiguswa pale nje, na wengine hawafiki. Mama wa Magomeni yumo katika kundi kubwa, wala hayuko pembeni.

Wengine watauliza: kama ni hivyo, amezaaje watoto wanne? Mwanamke huchukua mimba bila kilele. Yai huiva na kutoka kwa siku zake, mke afurahi asifurahi. Wako wanyama wasio hivyo. Sungura jike na paka jike hawatoi yai mpaka wapandwe, na wataalamu wengine wanadhani kwamba kilele cha mwanamke ni mabaki ya utaratibu kama huo wa zamani sana. Hilo wanabishana bado, tuwaachie.

Kuna jambo moja ambalo wakunga watalielewa upesi. Katika kilele mwili wa mke hutoa homoni iitwayo oksitosini. Ndiyo ile ile inayoukaza mji wa mimba wakati wa kuzaa, na inayoshusha maziwa mtoto anapolia. Sasa mkunga ajua kwamba mama aliyeogofywa au kutukanwa wakati wa uchungu, uchungu wake hukwama; na mama mwenye hofu, maziwa hayashuki vizuri. Hali kadhalika chumbani. Mke anayewaza deni, au anayesikia watoto wakigeukageuka nyuma ya pazia, au aliyetukanwa mchana, mwili wake hauendi. Si ukaidi. Daktari mmoja wa Kanada, Rosemary Basson, aliandika mwaka 2000 kwamba kwa wanawake wengi waliokaa katika ndoa hamu haiji kwanza. Hukubali kwanza kwa upendo, akitendewa kwa upole mwili huamka, kisha hamu huja nyuma yake. Mume asiyejua hivyo huona mkewe baridi, kumbe amewasha moto na kuondoka kabla kuni hazijashika.

Nitasema kidogo juu ya unyago, maana mama ameutaja, na wasomaji wa Mtwara na Lindi watanikasirikia nisiposema.

Mimi siwalaumu wazee wetu. Kusini, kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, msichana hakuachwa aingie ndoani bila kujua lolote. Alifundishwa usafi, damu ya mwezi, uzazi, na mambo ya chumbani, na ngoma hizo zilivuka bahari pamoja na watu wa kusini waliochukuliwa utumwani hata zikawa unyago wa Unguja. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alizipiga mpaka uzeeni. Tena kusini hawakukata. Katika hesabu ya serikali ya mwaka 2015–16, wanawake 10 katika kila 100 wa Tanzania walikuwa wamekeketwa. Mkoani Manyara walizidi nusu, lakini Mtwara walikuwa karibu hakuna. Wanaokeketwa huondolewa ile ncha yenye fahamu nyingi kuliko pote. Nawaambia na mama wa pande hizo wanaotusoma: sehemu kubwa iliyofichwa ndani mara nyingi hubaki, na wengi wao husikia raha. Asiwavunje mtu moyo.

Lakini unyago una upungufu, nao umeonekana katika barua hii. Mwali hufundishwa kumfurahisha mume: kuvaa shanga, kucheza kiuno, kumkanda, kumfuta. Yeye mwenyewe apokee nini, na afanyeje asipopokea, hilo somo wa mama huyu hakulifundisha. Alimfundisha kujifanya. Na tangu wamisionari wengi walipozipinga ngoma hizo, nasi tukawatoa binti zetu huko, sisi wazazi Wakristo hatukuweka mafundisho mengine mahali pake. Anglikana wa Masasi, chini ya Vincent Lucas aliyekuja kuwa askofu wao, walijaribu tangu mwaka 1913 kuifanya jando ya wavulana iwe ya Kikristo. Ya wasichana iliwashinda zaidi. Sishangai.

Sasa tuje kwa swali la pili. Ni dhambi?

La, mama. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorinto, aliweka deni la chumbani pande zote mbili: mume anadaiwa na mke sawa na vile mke anavyodaiwa na mume. Tarehe 29 Oktoba 1951 Papa Pio XII aliwaambia wakunga wa Italia kwamba Muumba mwenyewe ameweka raha katika tendo hilo kwa ajili ya mume na mke wote wawili, nao hawatendi ubaya wakiitafuta kwa kiasi. Karol Wojtyla, yule aliyekuja Tanzania mwaka 1990 akiwa Papa Yohane Paulo II, alipokuwa bado askofu kijana aliandika mwaka 1960 kitabu juu ya mapendo, na humo anasema wazi kwamba mwili wa mke hupanda polepole na kushuka polepole, na mume anayejali nafsi yake tu humdhulumu. Yampasa amngojee naye afike. Na kwa wale wanaoona shaka juu ya kuguswa kwa mkono: Mt. Alfonsi wa Liguori, mwalimu mkuu wa maadili, aliyefariki mwaka 1787, alikwisha kulijadili jambo la mke ambaye mume amemaliza kabla yake, akafuata maoni ya walimu wanaomruhusu ajikamilishe kwa kuguswa papo hapo, kwa kuwa ni sehemu ya tendo lile lile la ndoa. Mapadre walisoma hayo kwa Kilatini. Akina mama hawakusomewa.

Tena mnawajua Wabenedikto wa Ndanda. Mtawa wa shirika lao hilo, Mt. Hildegarda wa Bingen, Mjerumani aliyefariki mwaka 1179, ambaye Papa Benedikto XVI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa mwaka 2012, anahesabiwa kuwa ndiye aliyeandika kitabu cha maradhi na dawa ambamo raha ya mke yaelezwa bila aibu: jinsi joto lake linavyoanzia kichwani, na jinsi viungo vyake vinavyojikaza. Bikira wa monasteri, miaka zaidi ya 840 iliyopita, aliona kwamba mambo huanzia kichwani. Masters na Johnson walihitaji mashine.

Basi wewe mume wa mama huyu, najua gazeti hili linafika nyumbani kwako, maana mkeo amesema ndiwe unayelinunua kila Dominika. Sikulaumu kwa kuudhika. Mtu aliyedanganywa miaka kumi na moja huudhika. Lakini mkeo hakukudanganya ili akuibie. Alikudanganya asikupoteze, kama alivyofundishwa. Na alipokwambia kweli alikuamini. Mke mwenye bwana wa kumtosheleza nje hana haja ya kukwambia kwamba hatosheki. Angenyamaza akaendelea kujifanya. Lifikiri hilo kabla ya kwenda kwa wajomba. Na fedha ya korosho usiipeleke kwa mganga wa kienyeji, hana dawa ya jambo hili. Rudi chumbani. Msizungumze hayo usiku wa kwanza. Zungumzeni mchana, shambani, mkiwa wawili. Mwulize apendapo kuguswa, naye mama ajibu bila haya, hata kwa kuushika mkono wako na kuuonyesha mahali. Msiwe na haraka. Kama saa ipo chumbani igeuzeni ukutani. Wala msihesabu kila usiku umefika au hukufika, maana mke anayengojewa kama basi la Masasi hatafika. Usiku mwingine atatosheka na kukumbatiwa tu, na akisema hivyo mwamini.

Kuna mambo ambayo ni ya hospitali, nayo ni haya. Maumivu katika tendo si ya kuvumilia. Yaweza kuwa kovu la kuzaa, au maradhi yanayotibika. Mama anayenyonyesha mara nyingi huwa mkavu kwa sababu ya homoni, na hilo hupita. Dawa nyingine za shinikizo la damu na za huzuni kubwa huzuia kilele, na kisukari kadhalika. Mwambie daktari, usiache dawa mwenyewe. Wanaotia majani au unga wa kukausha uke waache mara moja, hujichubua na kujifungulia mlango wa maradhi. Na misuli ile ya nyonga ikilegea kwa uzazi, hurudishwa kwa kuikaza kama mtu azuiaye mkojo, hesabu ya pumzi chache, mara kadhaa kila siku. Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliwafundisha wanawake hivyo mwaka 1948 kwa ajili ya mkojo unaovuja, kisha wengine wakamrudia kumwambia kwamba chumbani nako mambo yamebadilika. Yeye hakuwa amewaahidi hilo.

Limebaki swali la tatu. Mama ana binti wa miaka kumi, na nyanya yake ataka achezwe unyago likizo ya Desemba pamoja na binti za jirani. Mama auliza amzuie au amwache. Kwa mambo ya chumbani, miaka kumi ni mapema mno, mwambie nyanya hivyo kwa heshima. Juu ya damu ya mwezi na usafi mfundishe wewe mwenyewe sasa hivi, kabla haijamshtukiza. Yaliyobaki ya unyago nimewaomba akina mama wawili wa Mikindani, ambao wamecheza wali wengi, waniandikie maoni yao. Yakifika tutayachapa, pamoja na barua ya baba mmoja wa Kitaya ambaye mtoto wake amekataa ziwa.